Ngazi Nne za Kutoelewana

Katika karakana ile ya mafundi cherehani haikuruhusiwa kugombana kabla ugomvi haujapewa jina. Mgeni aliyesikia hivyo alidhani anataniwa, na mafundi walimwacha adhani, kwa kuwa kumweleza kulichosha zaidi. Waanzilishi wa ushirika walikuwa wameonja machungu. Zamani, wangali wakishonea katika chumba kimoja cha kupanga, walikosana juu ya nani akae karibu na dirisha. Mmoja aliliita jambo hilo utani, wa pili akaliita dharau, wa tatu akaliita njama, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na vita yake peke yake, hakupatikana msuluhishi wa kuzimudu zote. Nusu ya cherehani ziliondoka zimepakiwa mkokoteni. Waliobaki wakakata shauri: kuanzia hapo lalamiko lolote litatajwa kwanza, na mtu mmoja, mbele ya wote, kwa neno moja kati ya manne.

Neno la kwanza lilikuwa tofauti. Wenye tofauti walikwenda kuzungumza wenyewe, na wakishindwa kuafikiana, mkuu wa kazi aliamua. La pili lilikuwa mvutano, na hapo mafundi wawili wakongwe waliketi kati ya wagomvi mpaka mmoja alegeze kamba. La tatu lilikuwa mgogoro: mashine zilizimwa, kitu kilichobishaniwa kiliwekwa mezani kila jicho likione, kisha watu wote wakapiga kura, mkuu wa kazi akiwa na kura moja sawasawa na mfagiaji. La nne, mfarakano, lilimaanisha kugawana mashine na kila upande kushika njia yake. Hilo halikuwahi kutamkwa tangu kanuni ipitishwe, na watu walilikwepa kama wanavyokwepa kutaja ugonjwa mbele ya mgonjwa.

Aliyepewa kazi ya kutaja alikuwa fundi wa vifungo, mtu mzima mwembamba aliyewahi kuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kilichokufa. Walimwita Kamusi. Alikuwa amesoma vitabu vingi kuliko vilivyomfaa mtu wa vifungo, na kusoma huko kulikuwa kumemwachia ugonjwa mmoja: hakustahimili neno kubwa juu ya jambo dogo. Fundi akisema ameingia vitani na mwenzake juu ya feni, Kamusi aliinua macho kutoka kwenye tundu la kifungo na kuuliza wamekufa wangapi.

"Kamusi," alimwita siku moja fundi wa zipu, kijana wa maneno mengi ambaye kila mtu alimwita Zipu kwa kazi yake na kwa kuwa mdomo wake haukuwa na zipu. "Shemeji yako kaninunia tangu juzi. Hiyo ngazi ya ngapi?"

"Amekunyima chakula?"

"Chakula napata. Ila anakiweka mezani kwa kishindo."

"Mvutano."

"Na akinirushia sahani?"

"Inategemea kama ina chakula."

Karakana nzima iliangua kicheko. Kamusi alirudi kwenye kifungo chake, kwa kuwa hakuona kilichochekesha. Mwanamke anayerusha sahani tupu bado anamjali mumewe, au walau bado anajali chakula.

Katika miaka yote ya kutaja hakuwahi kushutumiwa kwa upendeleo, na jambo hilo alilithamini kuliko alivyokiri. Watu wengine hujivunia watoto, wengine nyumba. Kamusi alikuwa na hilo tu.

Aliyemtikisa alikuwa mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, aliyemtangulia yeye mwenyewe kuingia ushirika. Alikuwa fundi wa kola. Kola ni sehemu ngumu ya shati, kwa kuwa shati lenye mshono mbaya ubavuni huweza kupita, lakini kola iliyopinda humtangulia mvaaji mlangoni. Mashati ya shule moja kubwa yalikuwa yameanza kurudishwa, kola zake upande mmoja mrefu kuliko wa pili, na mkuu wa kazi alikuwa akiwaambia wateja, kwa masikitiko, kwamba fundi wake wa kola amezeeka macho.

Mkuu huyo ndiye aliyekata vitambaa vyote, naye jina lake la karakana lilikuwa Mkasi. Alikuwa mtu mkunjufu, mwenye mikono minene na salamu kwa kila mmoja. Alijivunia kasi. Alitandika kitambaa mezani tabaka juu ya tabaka mpaka rundo likawa kama godoro, akachora kwa chaki juu, akakata yote kwa mkupuo mmoja, na kabla ya chai ya asubuhi kazi ya siku ikawa imekatika. Mafundi hawakuigusa meza ile. Ilikuwa mila: mkataji hukata, mshonaji hupokea furushi lililofungwa na kushona kilichomo.

Siku moja fundi wa kola alisimama, akavuka chumba na vipande viwili mkononi, akaviweka juu ya meza ya kukatia.

"Mkuu, hivi vimetoka furushi moja," alisema. "Cha juu kabisa na cha chini kabisa. Hebu vilinganishe."

Mkasi hakuvigusa. "Dada yangu, mimi nakata, wewe unashona. Kola ikipinda aulizwe nani?"

"Aulizwe aliyeikata ikiwa imepinda."

"Nimeanza kutandika kitambaa wewe hujajua kutunga uzi kwenye sindano."

"Ndiyo maana umechoka. Unarundika mno. Tabaka za chini zinateleza, wewe unaona ya juu tu."

"Jamani," alisema Zipu polepole, "mtu mmoja afungue dirisha."

"Nawe funga huo mdomo," alisema Mama Pasi, mwanamke mkongwe wa kupiga pasi, bila kuinua chuma chake.

Mkasi alitabasamu kwa watu wote, kisha akamwambia fundi wa kola, kwa upole wa kumtuliza mtoto, "Nimewaambia wateja ni macho yako. Nitaendelea kuwaambia hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyo. Nenda kakae."

"Sikai. Nataka litajwe."

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Kamusi aliweka sindano chini na kusimama kama kanuni ilivyotaka, na akasema jambo ambalo kanuni haikuwa imelifikiria.

"Mlalamikaji ni mdogo wangu. Naomba nikae pembeni, mwingine alitaje."

"Pembeni ya wapi, mzee wangu?" Mkasi alifungua mikono yake minene. "Nani hapa anayajua maneno kama wewe? Na nani hapa amewahi kukuona ukipendelea? Mimi ndiye nalalamikiwa, na mimi nasema utaje wewe. Yupo asiyemwamini Kamusi?"

Hakuwapo. Ilikuwa heshima kubwa, na kama nguo yoyote inayomkaa mtu vizuri mno, ilikuwa imepimwa kabla ya kukatwa. Kamusi aliivaa.

Mtaji, yaani mwenye kutaja neno, alipewa muda mpaka kikao cha Jumamosi, na katika muda huo haikuruhusiwa kumsemesha juu ya jambo lenyewe. Mdogo wake aliishika kanuni hiyo kama ilivyo. Hakumtupia hata jicho la kuomba. Mkasi naye aliishika. Alimletea tu kikombe cha chai kwa mkono wake mwenyewe, akaketi kwenye ukingo wa benchi, akazungumzia mvua na bei ya uzi. Alipoinuka alimgusa bega na kusema karakana nyingi zimevunjika kwa kukosa mtu kama yeye.

Kamusi alikuwa ameviona vile vipande viwili. Alikuwa fundi, hakuhitaji tepu kuona kwamba kimoja kilikuwa na ncha fupi kuliko kingine kwa upana wa kidole. Watu wawili walikuwa wanasema mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja, kitu chenyewe kilikuwa mezani, na mmoja wao alikuwa na mamlaka juu ya mkate wa mwenzake. Kama mlalamikaji angekuwa mtu baki, angesema mgogoro kabla ile chai haijapoa. Lakini kila alipolijaribu neno hilo mdomoni lilikuwa na harufu ya nyumbani. Aliwasikia kichwani mwake watu wakinong'ona kwamba damu imesema. Alimwona Zipu akitunga utani. Basi akateremka ngazi moja, akafika kwenye mvutano, akaona hapo pia harufu ipo, ingawa hafifu. Akateremka tena. Aliita kuteremka huko uadilifu, na kwa mtu aliyeogopa maneno makubwa, hilo lilikuwa kubwa mno.

Jumamosi walikaa kwenye mabenchi, mgongo kwa mashine. Kamusi alisimama.

"Nimelitazama," alisema. "Ni tofauti."

Mama Pasi aligeuza shingo kumtazama vizuri. Mkasi aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Tofauti," alirudia mdogo wake, kwa sauti ya mtu anayeonja chumvi.

Utaratibu ulifuatwa bila dosari. Fundi wa kola na Mkasi walikwenda stoo ya nyuzi kuzungumza wenyewe, wakatoka haraka kuliko walivyoingia, bila kuafikiana. Kwa hiyo jambo likapelekwa kwa mkuu wa kazi. Mkuu wa kazi alimsikiliza Mkasi kwa makini, akaridhika na maelezo yake. Akaamua kwamba fundi wa kola aondolewe kwenye kola, akae na wanagenzi kukata nyuzi zinazoning'inia, apumzishe macho.

Jioni hiyo kaka na dada walitembea pamoja hadi njia panda, kama ilivyokuwa desturi yao. Dada alikuwa amebeba mto wake mdogo wa kukalia, ambao sehemu ya wanagenzi haikuwa na kiti cha kuuweka.

"Kaka, nikuulize kitu. Kama ningekuwa mtu wa mbali, hunijui sikujui, ungesema nini?"

Kamusi hakuwa mwongo. Ndilo lilikuwa tatizo lake. "Ningesema mgogoro."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua. Lakini elewa hali yangu. Wangesema nimekupendelea."

"Wangesema. Halafu wangezitazama zile kola." Alihamisha mto kwapa lingine. "Kwa hiyo kosa langu ni kuzaliwa na wewe."

"Usilikuze."

"Silikuzi. Nakuachia wewe ulipime, ndiyo kazi yako."

Walikwenda mpaka kwenye duka la kona. Hapo dada alisimama akamkabili.

"Mtaji anaruhusiwa kupandisha neno. Si ndiyo? Kikao chochote, ilimradi pande zote zipo."

"Anaruhusiwa."

"Basi lipandishe, kaka. Sikuombi uniambie nina haki. Nakuomba watu watazame tu. Nikishindwa kwa kura, nitakata nyuzi mpaka nizeeke, wala hutanisikia."

"Nitalipandisha. Waache kwanza wapoe."

"Waliochemka ni akina nani? Mbona ninayeungua ni mimi peke yangu?"

Kikao kilichofuata kiliangukia siku njema. Mzigo wa makoti ya hospitali ulikuwa umekamilika kabla ya wakati, Mkasi alikuwa amenunua soda za wote, na Zipu alimwigiza daktari anayejaribu kuvaa koti lililoshonwa mikono yote upande mmoja. Kamusi alikuwa na neno lake tayari ulimini. Aliwatazama watu wakicheka, akamtazama mdogo wake akikata nyuzi kwenye kona huku soda yake haijafunguliwa, na akaona ni uungwana kutoharibu siku. Alijiambia wiki ijayo. Mtu mwenye msamiati mpana hakosi jina zuri la kuahirisha; yeye aliita busara.

Mdogo wake hakuingoja wiki ijayo. Asubuhi moja ya kawaida, katikati ya kazi, aliinuka, akachukua mkasi wake, tepu yake na ule mto, akaenda kumuaga Mama Pasi kwa kumshika mkono. Kisha akapita kwenye benchi la vifungo.

"Baki salama, kaka."

"Unakwenda wapi? Subiri Jumamosi. Nalipandisha Jumamosi."

"Jumamosi ipi?" aliuliza, bila kejeli, kama anayetaka kujua kweli. Akatoka.

Kola walipewa Zipu. Alizishona kwa uangalifu uliowashangaza wote, akiwa amenyamaza muda mwingi, na mashati ya shule yakarudi tena, kola zimepinda vilevile. Siku ya kikao Mkasi aliweka furushi la mashati hayo miguuni pake na kutikisa kichwa.

"Ndugu zangu, ametuachia mkosi. Mtu akishaharibu jina la kazi, jina halitengenezeki kwa siku moja. Tuwaandikie shule, tuwaeleze kwamba fundi aliyehusika hayupo tena."

Zipu alifungua mdomo. Mkasi alimtazama. Zipu akaufunga, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuliona jambo hilo likitokea.

Hapo Kamusi alisimama. Alilinyooshea kidole lile furushi.

"Mashati haya yameshonwa baada ya yeye kuondolewa kwenye kola," alisema. "Hakuyagusa. Nalipandisha lile neno. Ni mgogoro. Mashine zizimwe, vipande viwekwe mezani."

Mama Pasi alikwisha kuchomoa waya wa pasi yake ukutani.

"Mzee wangu," alisema Mkasi, na sauti yake haikuwa na ukali hata chembe, "mgogoro kati ya nani na nani?"

"Kati yako na mdogo wangu."

"Namwona mmoja tu hapa. Kanuni si inasema pande zote ziwepo?"

"Hayupo kwa sababu alisukumwa."

"Alisukumwa na nini? Ulisimama hapo hapo ukatuambia ni tofauti. Sisi tukakuamini. Sasa mtu mzima na akili zake huacha kazi kwa ajili ya tofauti?" Aliwageukia wengine. "Aliondoka mwenyewe. Au yupo aliyemwona akifukuzwa?"

"Tuyaweke tu mezani hayo mashati," alisema Mama Pasi. "Si lazima tuite jina. Macho tunayo."

"Mama, hatujawahi kutazama kitu bila jina. Tukianza leo, kesho kila mtu atakuja na lake. Ndivyo walivyovunjika wale wa kwanza." Alimrudia Kamusi kwa huruma. "Tunajua ni damu yako. Hakuna anayekulaumu."

Hayo ndiyo aliyoyaogopa tangu mwanzo, na sasa yalimfikia yakiwa yamefungwa vizuri, mbele ya watu wote, baada ya kuwa ameshalipa kila kitu ili yasimfikie.

"Basi ni mfarakano," alisema.

Watu wakaguna. Neno lilikuwa limetamkwa kwa mara ya kwanza, na Mkasi alilipokea kama mteja anayeshika kitambaa asichokusudia kununua.

"Mfarakano ni kugawana mashine, mzee. Hata cherehani yake ameiacha, iko pale. Tumegawana nini?"

Kamusi alitafuta. Maneno aliyokuwa nayo mengine, uonevu, usaliti, woga, hayakuwa kwenye kanuni, na mawili kati ya hayo yalimhusu yeye. Aliketi. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama wanaweza kurudi kazini, kwa kuwa mchana unakwisha. Mama Pasi alitazama huku na huku asione mwenzake, akachomeka tena waya ukutani. Barua ya shule iliandikwa.

Siku ya pili yake Kamusi alikwenda kwa mdogo wake. Dada alikuwa amepata nafasi kwenye baraza la duka la vitabu vya shule, na cherehani ya kuazima yenye gurudumu linalolia. Alikuwa akigeuza kola ya shati la zamani, ile kazi ndogo ya kuficha upande uliochakaa. Kamusi alisimama mbele yake akamweleza yote kwa mpangilio: alivyosimama, alivyosema mgogoro, alivyojibiwa, alivyofika mpaka mfarakano.

Mdogo wake alisikiliza bila kusimamisha mguu.

"Wakati unalisema, mimi nilikuwapo?"

"Hukuwapo."

"Na nilipokuwapo, ulisema lipi?"

Jibu wote wawili walikuwa nalo.

"Nimewaambia ukweli lakini," alisema Kamusi.

"Umewaambia. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Akasogea. Mwanamke mmoja alipanda barazani na gauni kwenye mfuko, akawatazama wote wawili.

"Fundi, huyu mzee naye anangoja? Nisije nikampita."

"Pita tu, mama, hana nguo."

"Maana mmefanana hasa. Ni nani wako?"

Mdogo wake alikata uzi kwa meno, akalikunjua shati, akalitazama kwenye mwanga kama kola imekaa sawa.

"Tulikuwa tukifanya kazi pamoja," alisema, akanyoosha mkono kulipokea gauni.

Kamusi, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kupima maneno ya wengine, aliipima sentensi hiyo mwanzo hadi mwisho. Hakuona mahali pa kusahihisha. Akawaaga kwa heshima, akashuka barazani.